Je, wajua kwa nini polisi hawakupi usome jalada la kesi uliyoifungua mwenyewe?

Tuseme kuna mama mmoja fundi cherehani, ana kibanda chake Majengo, hapa Moshi. Asubuhi moja ya Januari, msimu wa sare za shule, anakuta kufuli limekatwa. Cherehani mbili hazipo, na vitambaa vya wateja navyo vimekombwa. Anakwenda kituoni, anatoa maelezo, anarudi nyumbani na kikaratasi chenye namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi. Wiki ya tatu anarudi kuulizia.

"Afande, habari za kazi. Nilikuwa naomba nione jalada langu, nijue limefikia wapi."

"Nzuri, mama. Ila jalada si lako. Jalada ni la Jamhuri."

Jibu hilo limewaudhi watu wengi. Kaibiwa yeye, nauli ya bodaboda katoa yeye, wateja wanamdai yeye, halafu anaambiwa kesi si yake. Wengine hutoka pale wakiamini jalada limeshauzwa. Mambo hayo yapo, sikatai. Lakini kwa sheria yetu ilivyo, afande yuko sahihi kama nusu hivi. Nusu iliyobaki ndiyo ya kugombaniwa, na wengi hawaifikii kwa sababu hasira zimewaishia kwenye ile ya kwanza.

Tuanze na iliyo sahihi. Ukimkopesha mtu hela akakataa kulipa, hiyo ni kesi ya madai na jina lako linakaa juu kabisa: wewe dhidi yake. Ukiibiwa, hati ya mashtaka inaandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Jina la fundi wetu halipo juu. Lipo kwenye orodha ya mashahidi, na siku akipanda kizimbani kumbukumbu za mahakama zitamwita PW1, yaani shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka. Sheria inahesabu kwamba aliyekata kufuli usiku amevunja amani ya nchi nzima, si ya kibanda kimoja tu, kwa hiyo nchi ndiyo inayomshtaki.

Mpango huu tuliuachiwa na Waingereza. Walipoichukua Tanganyika walituletea kwanza sheria za jinai za India, kisha mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu, ambayo hadi leo ndiyo Sura ya 16 ya sheria zetu, viraka vyake vikiwa vingi. Wakati huo aliyeshtaki alikuwa Mfalme. Bendera ikabadilika, Mfalme akaondoka, Jamhuri ikakaa kwenye kiti chake. Mlalamikaji akabaki pale pale, kwenye benchi la mashahidi.

Ndiyo maana Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kuifuta kesi wakati wowote kabla ya hukumu bila kuhitaji ruhusa ya fundi. Na tangu sheria ya mwaka 2008 iliyoanzisha Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, anayepeleleza na anayeshtaki ni watu wawili tofauti. Mpelelezi anakusanya, mkuu wa upelelezi wa wilaya anakagua, Wakili wa Serikali anasoma na kuandika maelekezo: katafute hiki, mhoji huyu tena. Jalada linarudi polisi, kisha linakwenda tena. Ukiambiwa "jalada liko kwa Wakili wa Serikali", mara nyingi ni kweli, ingawa linaweza kuwa kweli kwa muda mrefu mno.

Sasa, hata kama kesi ni ya Jamhuri, kwa nini fundi asichungulie tu? Hapa inabidi tulifungue jalada lenyewe. Ndani mna maelezo ya fundi, maelezo ya mlinzi wa duka la jirani aliyemwona mtu chini ya taa ya barazani, maelezo ya onyo ya mtuhumiwa kama amekamatwa (anayoyatoa akiwa ameshaonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake), ramani ya eneo la tukio, hati ya ukamataji mali, na maandishi ya wakubwa wakimwelekeza mpelelezi la kufanya. Huenda mna na jina la kijana aliyenong'ona kwamba kuna cherehani inauzwa bei ya kutupa upande wa pili wa mji.

Ichukue hiyo hati ya ukamataji mali. Tuseme polisi wameikuta cherehani uvunguni mwa kitanda cha mtu, wakaandika: cherehani nyeusi, pedali imewahi kuchomelewa, chini ya kitako kuna herufi mbili zilizoandikwa kwa rangi ya kucha. Herufi hizo aliziandika fundi mwenyewe mwaka alioinunua. Kesi nzima imening'inia hapo, kwa sababu cherehani nyeusi zimejaa Moshi. Mahakama ya Rufani imelisema hili mara nyingi: anayedai mali aeleze kwanza alama zake za pekee, kabla hajaonyeshwa. Akishazieleza, ndipo gunia linafunuliwa. Fundi akiwa ameshaisoma hati ile pale kaunta, wakili wa utetezi atakuwa na swali moja tu: "Mama, alama hizi ulizitaja kabla ya kusoma jalada au baada?" Atajibu kweli kabisa kwamba anazijua miaka yote, na ukweli wake utakuwa umepungua uzito.

Kwa mlinzi ni vivyo hivyo. Huyo polisi wanaweza kumwitia gwaride la utambuzi: mtuhumiwa anapangwa mstari mmoja na watu wanaofanana naye kwa umbo na rika, shahidi anapita, anamgusa yule aliyemwona. Amri za kudumu za polisi zinaelekeza gwaride liendeshwe vipi, na sababu ya urefu wa maelekezo yale ni moja: shahidi asiwe amedokezwa. Fundi na mlinzi wanakunywa chai pamoja kila asubuhi. Fundi akiona kwenye jalada picha ya kijana mwenye kovu juu ya jicho, unadhani itapita chai ngapi kabla mlinzi hajajua habari ya kovu? Hakuna aliyekusudia ubaya, ila gwaride limeshakufa. Tangu shauri la mtu aliyeitwa Waziri Amani, la mwaka 1980, mahakama zetu zinauchukulia ushahidi wa macho, hasa wa usiku, kwa tahadhari kubwa: mwanga ulitoka wapi, umbali ulikuwa kiasi gani, ulimtazama kwa muda gani, ulikuwa unamjua kabla. Majibu hayo lazima yatoke kichwani mwa shahidi mwenyewe.

Na yule kijana aliyenong'ona? Majengo ni padogo. Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi haiwezi kumsaidia kama jina lake limesomwa mchana na watu watatu waliokuwa wakisubiri zamu yao kaunta.

Kwa hoja hizi mimi nakubali jalada lifungwe wakati upelelezi unaendelea. Ninaposita ni kwenye jambo moja ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inataka kesi ikishafunguliwa kwa hakimu, mshtakiwa apewe nakala ya taarifa na maelezo ya mtu aliyepeleka malalamiko, kama mtu huyo ametajwa kuwa shahidi. Kwa makosa makubwa yanayokwenda Mahakama Kuu ni zaidi ya hapo: mshtakiwa husomewa maelezo ya mashahidi kabla kesi haijapelekwa huko, naye hupata nakala. Maana yake ni kwamba anayetuhumiwa kuiba cherehani anayaweka mkononi maneno ya fundi, wakati fundi mwenyewe hana hata kopi ya alichokisema. Sababu ipo na ina nguvu: anayeweza kufungwa ni mshtakiwa, na mtu hawezi kujitetea dhidi ya asichokijua. Ila sioni haki ya mshtakiwa inapungua vipi kwa fundi kupewa nakala ya maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kuona njia nyingine. Panda gari hapa Moshi, shuka Holili, vuka mpaka. Ukiibiwa Taveta uko chini ya Sheria ya Kuwalinda Waathirika ya Kenya ya mwaka 2014, inayosema mwathirika ana haki ya kujulishwa mapema ushahidi ambao pande zote zitautegemea, na kuufikia kwa kiasi kinachofaa. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la Waswa, ilikubali kwamba mwathirika anaweza kushiriki kwenye kesi kupitia wakili wake, ilimradi asigeuke mwendesha mashtaka wa pili. India, tuliyoanza na sheria zake, mlalamikaji hupewa bure nakala ya taarifa ya kwanza aliyoandikisha, na sheria yao mpya ya mwaka 2023 inawataka polisi wamjulishe maendeleo ya upelelezi ndani ya siku 90. Sisi, wanafunzi wake, bado tunagawa namba ya RB tu.

Ufaransa na nchi zilizochukua sheria zake zina utaratibu tofauti kabisa: mwathirika anaweza kujiunga na kesi ya jinai kama mmoja wa wenye kesi, na wakili wake akasoma jalada. Hata hivyo jalada kusomwa si lazima lisonge. Burkina Faso ina mfumo huo, na bado familia ya mwandishi wa habari Norbert Zongo, aliyeuawa na wenzake watatu Desemba 1998, iliishia Arusha kulalamika. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa hukumu Machi 2014 kwamba nchi hiyo haikufanya jitihada za kutosha kuwatafuta na kuwashtaki wauaji, na mwaka uliofuata ikaamuru upelelezi ufunguliwe tena.

Arusha hiyo hiyo ina kisa kingine kinachonichekesha kidogo, kicheko cha upande mmoja wa mdomo. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilifanya kazi mjini pale hadi mwisho wa 2015, ikawashtaki watu 93 na kuwahukumu adhabu 62. Kumbukumbu zake ziko Lakilaki, wilayani Arumeru, kwenye barabara inayoitwa Haki. Mtafiti aliye Tokyo au Toronto anaweza kusoma kwenye intaneti kurasa kwa maelfu za ushahidi uliotolewa hadharani, majina ya mashahidi waliolindwa yakiwa yamebadilishwa kwa herufi na namba, na ya siri yakiwa yamefungwa. Mkazi wa Ngarenaro, mjini pale pale, aliyeibiwa pikipiki juzi hana pa kusoma hata mstari mmoja. Najua mizani si sawa, kesi zile zilikwisha na hii yake ndiyo kwanza inapelelezwa. Lakini kazi iliyofanyika pale, ya kutenganisha karatasi ya kufungwa na ya kufunguliwa, ndiyo ambayo vituo vyetu haviifanyi. Kwetu jalada lote ni siri, kuanzia jina la mtoa habari hadi tarehe litakapotoka kwa Wakili wa Serikali.

Ndipo tunapofika kwenye ile nusu ya kugombania.

La kwanza ni maelezo yako, na hapa watu huharibu dakika ile ile ya kwanza. Umechoka, umeibiwa, askari anaandika haraka kwa mkono, anakugeuzia karatasi: "Saini hapa, mama." Usisaini kwanza. Sheria inataka maelezo ya shahidi yaandikwe kwa Kiswahili, Kiingereza au lugha aliyohojiwa nayo, kisha aonyeshwe au asomewe, na awe huru kufafanua au kuongeza. Hiyo si hisani ya afande. Fundi wetu akisomewa na kukuta imeandikwa "cherehani mbili zenye thamani" basi, ndiyo nafasi yake ya kusema: andika pedali ilichomelewa, andika herufi mbili chini ya kitako, andika rangi ya kucha ni nyekundu. Herufi zile zikiwemo kwenye maelezo ya siku ile, wiki nzima kabla cherehani haijapatikana, hakuna wakili wa kuzitikisa. Zikiwa hazimo, akaja kuzitaja mahakamani kwa mara ya kwanza, ataulizwa mbona polisi hukusema. Nimewahi kukaa nyuma ya chumba cha mahakama nikimsikia shahidi akijibu, "Nilisema, ila hawakuandika." Hakimu aliandika jibu hilo bila kuinua uso.

Kabla ya kusimama kizimbani, muombe Wakili wa Serikali ujikumbushe maelezo yako. Yako tu, si ya mlinzi. Shahidi kujikumbusha maneno yake mwenyewe si kufundishwa cha kusema.

Kama uliumizwa, kuna PF3. Fomu hiyo unaichukua polisi, daktari anajaza alichokiona mwilini mwako, kisha inarudi polisi na kuingia jaladani. Kati ya hospitali na kituo iko mkononi mwako wewe. Mashine za kutoa kopi zimejaa mjini, pitia mojawapo. Zikipita wiki sita uvimbe utakuwa umeshuka, na karatasi ile ndiyo itakayokuwa imebaki na kumbukumbu. Risiti ya cherehani nayo vivyo hivyo: mpelelezi mpe, ila ubaki na kopi, na jina la aliyeipokea uliandike nyuma.

Halafu kuna habari za jalada, ambazo ni tofauti na jalada. Liko kwa nani, lilitoka lini, mpelelezi ni nani baada ya yule wa kwanza kuhamishwa, kesi imepangwa tarehe ngapi. Kujua hayo hakumdokezi shahidi wala hakumfichui mtoa taarifa. Ukizungushwa kaunta, acha kupanda bodaboda kila Jumatatu. Andika barua kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, weka namba ya RB na tarehe uliyoandikisha, uliza maswali hayo matatu au manne kwa heshima, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Barua yenye muhuri ina tabia ya kupewa jibu ambayo mtu aliyesimama kaunta hana. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017, huweza kukusaidia kuiandika.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Ina milango iliyofungwa, na mmojawapo ni taarifa itakayovuruga upelelezi halali unaoendelea. Soma neno hilo la mwisho vizuri. Jalada likishafungwa, ukaambiwa hakuna ushahidi, uzito wa mlango ule unapungua sana, na hapo ndipo barua ya kuomba sababu za kufunga ina maana. Ukikataliwa unaweza kuomba uamuzi uangaliwe upya na mkuu wa taasisi, kisha kwa waziri. Sidhani fundi wetu atafika huko na sare za watoto zinamsubiri, lakini njia ipo. Ipo pia ya kumwomba hakimu ruhusa ya kuendesha mashtaka binafsi. Ni ngumu na ina gharama, wachache huijaribu.

Ajali za barabarani ndizo pekee ambapo mlango huu umezoea kufunguka. Aliyegongwa kwenye barabara ya Arusha–Moshi hupata ripoti ya polisi na ramani ya ajali kwa ajili ya bima, kwa kuwa bila karatasi hizo kampuni hailipi. Kumbe karatasi za polisi zinaweza kutoka bila dunia kupinduka, pakiwa na mtu mwenye hela anayezisubiri.

Kesi ikishafika mahakamani mambo ni rahisi zaidi. Mahakama ni ya wazi, isipokuwa mashauri kama ya ukatili wa kingono au ya watoto. Fundi akishatoa ushahidi wake anaweza kubaki chumbani na kusikia wengine wote. Hukumu ikitoka anaweza kuomba nakala masijala, na nyingi za mahakama za juu huwekwa kwenye tovuti ya TanzLII, bure. Mengi aliyonyimwa kaunta atayasikia yakisomwa kwa sauti.

Ila siku hiyo, tuseme, hakuja kusikiliza. Ameitwa kama PW1, cherehani iko mbele ya hakimu imefunikwa gunia, na Wakili wa Serikali anamuuliza ataitambuaje. Pedali ilichomelewa, anasema, upande wa kushoto. Chini ya kitako nimeandika herufi mbili kwa rangi ya kucha, nyekundu. Gunia linaondolewa, mashine inalazwa ubavu, karani anainama kuangalia. Inapokelewa kuwa kielelezo P1, inafungwa kikaratasi kwa uzi. Fundi anaitazama, kisha anamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, naweza kwenda nayo leo?"